Tapeli wa msimu wa korosho analipia njia

Mtu anayetaka kuwafikia watu wenye hela Newala, wilaya ya korosho kusini mwa Tanzania, mwezi wa Novemba hana haja ya kupanda basi la Newala. Anafungua ukurasa wa Facebook, anaupa jina linalofanana na la taasisi ya mikopo, anabandika nembo aliyoichukua mtandaoni na picha ya kiongozi anayetabasamu, kisha analipia tangazo. Kwenye fomu ya tangazo anachagua nchi, mkoa au mji, kilomita ngapi kuuzunguka, umri na lugha. Dola moja au mbili kwa siku zinamtosha kuanza. Baada ya muda mfupi tangazo limeshafika kwenye simu za watu ambao hawajawahi kuusikia ukurasa huo: "Mkopo wa wakulima, milioni 1 hadi 20, bila dhamana, marejesho baada ya msimu. Bonyeza WhatsApp."

Tukizungumzia madhara ya mitandao huku kwetu tunamlaani tapeli, na tukichoka tunamcheka aliyetapeliwa kwamba tamaa ndiyo iliyomponza. Mimi namtaka wa tatu, yule aliyepokea hela ya tangazo.

Kila unapofungua Facebook au Instagram unafanyika mnada kwa chini ya sekunde moja, na kinachogombewa ni ile nafasi kwenye skrini yako. Wakulima wa kusini hawahitaji kufundishwa mnada. Lakini huu una kanuni yake: hashindi mwenye dau kubwa tu. Mfumo unazidisha dau la mtangazaji kwa uwezekano kwamba wewe, mtu fulani mwenye tabia fulani, utabonyeza, halafu unaongeza alama za ubora wa tangazo. Kwa hiyo dau dogo la tapeli linaweza kuishinda benki, ikiwa mfumo umeshajifunza kwamba watu wa aina yako wanapenda kubonyeza maneno "bila dhamana". Na ukibonyeza mara moja umejiandikisha. Mfumo unakuhesabu kuwa mtu anayevutiwa na mikopo, unakuletea mingine ya aina hiyohiyo. Mwenye shida ya ada ya Januari ndiye anayesukumiwa matangazo ya utapeli mengi kuliko jirani yake asiye na shida. Kwenye mnada wa korosho wa vyama vya ushirika, TANECU au MAMCU, angalau mwenye mzigo analipwa.

Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilichapisha yaliyomo kwenye nyaraka za ndani za Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Kampuni ilikuwa imejikadiria kwamba kama asilimia 10 ya mapato yake ya 2024, yaani takribani dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Nyaraka hizo zilitaja matangazo bilioni 15 kwa siku yenye dalili za wazi za utapeli. Kilichonishangaza zaidi ni kanuni ya kumfungia mtangazaji. Alifungiwa pale tu mfumo ulipokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba ni tapeli. Akishukiwa chini ya hapo, alitozwa bei kubwa zaidi. Yaani mlinzi wa geti anamshuku mgeni, hamrudishi, anamwongezea kiingilio. Msemaji wa Meta alijibu kwamba makadirio yale yalikuwa ya juu juu na yalijumuisha matangazo mengi halali. Haya, tuyakate nusu. Zinabaki dola bilioni 8.

Faini nayo haiumi sana. Mwaka 2019 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, iliitoza Facebook dola bilioni 5 kwa makosa ya faragha. Miongoni mwa tuhuma ilikuwa kwamba namba za simu ambazo watu walizitoa kwa ajili ya kulinda akaunti zao zilitumika pia kuwaletea matangazo. Mwaka huo kampuni iliingiza zaidi ya dola bilioni 70. Faini nzima ni mapato ya siku zisizofika 30.

Sasa tulifuate tangazo lenyewe. Kitufe kinakutoa Facebook na kukupeleka WhatsApp kwa makusudi, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp umefungwa na kampuni haisomi kinachoandikwa humo, na pia maongezi yote yanakuwa hayapo tena chini ya tangazo ambako mtu mwingine angeweza kuandika "jamani hawa wezi". Unapokelewa kwa heshima: karibu sana mpendwa mteja. Unajaza jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kazi, kiasi unachotaka. Ndani ya dakika chache unaletewa "cheti cha kuidhinishiwa mkopo" chenye jina lako na mhuri. Kisha ndiyo inakuja ada ya fomu, mathalani 15,000. Ukilipa, inakuja bima ya mkopo, 45,000. Halafu "kodi", halafu "gharama ya kufungua akaunti". Kila hatua imepimwa: kiasi kinachodaiwa ni kidogo ukikilinganisha na mkopo unaoahidiwa, na kuacha kunaonekana ni kupoteza ulichokwisha kulipa. Watu hawanaswi kwenye 15,000 ya kwanza, wananaswa kwenye ya tatu na ya nne, wakiifukuzia ya kwanza.

Dalili moja inatosha kukusimamisha, na inaonekana kabla hujaweka namba ya siri: jina linalotokea kwenye muamala. Kama mkopeshaji anajiita taasisi na jina lililokuja ni la mtu binafsi, ghairi hapohapo. Na mkopeshaji wa kweli anayetoza ada huikata kwenye mkopo wenyewe, hakuagizi utangulize hela kwa wakala.

Kabla ya kufika huko, ukurasa wa Facebook unaweza kukaguliwa kwa dakika tatu, na ni watu wachache wanaojua. Fungua ukurasa, ingia sehemu ya "Kuhusu", tafuta uwazi wa ukurasa. Utaonyeshwa tarehe ulipoundwa, majina yote uliyowahi kuitwa, na mara nyingi nchi walizopo wanaouendesha. Ukurasa ulioanza 2020 ukiwa wa vichekesho au wa mashabiki wa mpira, ukageuka kuwa wa mikopo wiki tatu zilizopita, umenunuliwa au umeibwa, huna haja ya ushahidi mwingine. Wafuasi 80,000 ulio nao ni wa vichekesho. Hatua ya pili ni maktaba ya matangazo, facebook.com/ads/library, ambayo inafunguka hata bila akaunti. Chagua Tanzania, chagua matangazo yote, andika maneno yaliyo kwenye tangazo. Ukikuta maneno yaleyale neno kwa neno kwenye kurasa tano zenye majina tofauti, umeukuta mtandao mzima. Hatua ya tatu ni orodha ya wakopeshaji wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Jina lazima lifanane lote, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuongeza neno moja tu kwenye jina la kweli.

Ripoti tangazo kwa vile vidoti vitatu, lakini usikae ukisubiri. Nyaraka zilezile zilionyesha kwamba kufikia 2023 watumiaji wa Facebook na Instagram walikuwa wakituma ripoti halali kama 100,000 kila wiki kuhusu matapeli wanaowaandikia, na asilimia 96 zilipuuzwa au zilikataliwa kimakosa. Kwa hiyo peleka na kwingine: namba ya tapeli na ujumbe wake vitume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Na kwa kuwa umeshatoa NIDA yako, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe.

Kuna ndugu wa tapeli huyu ambaye hela anatoa kweli. Ni zile programu za mikopo za kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zinazofanya kazi bila leseni. Unapoisakinisha inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na asiyekubali hakopeshwi. Unakopa 50,000, unapokea pungufu, unadaiwa ndani ya siku chache. Ukichelewa, mkweo, mwalimu mkuu wako na fundi aliyekutengenezea pikipiki wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu na wao ni wadhamini wako. Kosa la kawaida ni kufuta programu ukidhani umemaliza. Majina yalishachukuliwa siku ya kwanza. Cha kufanya ni kuwatangulia: waandikie watu wako kabla hawajaandikiwa, hifadhi skrinishoti za vitisho zikiwa na namba na saa, kisha lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu hasa mambo ya namna hii.

Sheria hiyohiyo inawahusu viongozi wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vinavyowalipa wakulima, hata kama hawajioni humo. Karatasi ya malipo yenye majina, namba za simu, kilo na akaunti ikipigwa picha na kurushwa kwenye grupu la watu 400, tapeli hana kazi tena. Anajua nani kalipwa na shilingi ngapi. Na anaweza kufanya zaidi ya kupiga simu: Facebook inampa mtangazaji nafasi ya kupakia orodha ya namba za simu, mfumo uzitafutie akaunti zake na kuwaonyesha hao hao tangazo. Orodha ibandikwe ofisini, au kila mtu atumiwe mstari wake.

Magrupu yana balaa lake jingine, kutekwa kwa akaunti. Mtekaji anaandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inakutumia wewe SMS yenye tarakimu 6. Anakupigia au anakuandikia kwa namba ya mtu unayemjua, ambaye naye alishatekwa jana: "Dada samahani, kuna tarakimu zimekuja kwako kimakosa, nisomee." Ukizisoma, umeshatolewa. Njia nyingine ni kukuambia ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba yake na alama ya reli. Hapo simu zako zote zinahamia kwake, na WhatsApp ikipiga kusoma tarakimu kwa sauti, anaisikia yeye. Baada ya hapo ni ule wimbo tunaoujua: nina dharura, niazime laki mbili, tuma kwenye namba hii.

Ukitekwa, mpangilio wa hatua ndio unaookoa. Kwanza futa uhamishaji wa simu kwa ##21#, maana ukiuacha, tarakimu mpya zitaenda kwake tena. Kisha fungua WhatsApp, ingiza namba yako, omba tarakimu 6 kwa SMS, ziingize. Sekunde hiyo mtekaji anatupwa nje. Mfumo ukikudai pini ambayo hukuiweka, ni yeye aliyeiweka, na itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila pini. Wengi wanachanganyikiwa hapa na kuanza kuomba tarakimu tena na tena, wanafungiwa kwa saa kadhaa zaidi. Tulia: hata bila pini, yeye ameshatoka na hawezi kuandika kwa jina lako. Ukisharudi, angalia vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokijua, kwa sababu kompyuta iliyounganishwa inasoma kila kitu kimyakimya. Wakati huohuo wapigie admini wa magrupu kwa sauti. Ujumbe hautaaminika, tapeli naye anatuma ujumbe.

Aliyetuma hela apige 100 yeye mwenyewe, si wewe, kwa sababu muamala ni wake. Awe na namba ya kumbukumbu ya muamala mkononi. Kama haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa, na hapo dakika zina thamani. Kituo cha polisi na RB (namba ya taarifa yako polisi) vinafuata baadaye.

Kinga yake ni pini ya uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye mipangilio ya akaunti. Weka tarakimu 6 zisizo tarehe ya kuzaliwa, na uweke barua pepe, maana wanaoiruka barua pepe ndio wanaojifungia nje wenyewe wakisahau pini. Kinga hii ipo miaka mingi na inazuia sehemu kubwa ya utekaji huu. Ila haijawashwa. WhatsApp, ambayo Facebook ilikubali kuinunua 2014 kwa dola bilioni 19, inakuachia wewe uitafute kwenye vichochoro vya mipangilio, na ukitekwa Tandahimba saa tatu usiku hakuna namba ya kupiga. Wakitaka wanaweza. Mwaka 2018 uvumi wa WhatsApp ulipochangia watu kuuawa na makundi ya wenye hasira nchini India, kampuni ilipunguza idadi ya watu unaoweza kuwafowadia ujumbe kwa mara moja. Januari 2019 kikomo cha watu au magrupu matano kikawa cha dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa mara moja. Kitasa kipo, kinakazwa damu ikishamwagika na magazeti makubwa yakiandika.

Kwa sisi wa lugha za pembeni kitasa kinachelewa zaidi. Nyaraka alizozitoa Frances Haugen 2021, alipoacha kazi Facebook, zilionyesha kwamba asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kubaini habari za uongo ilitengwa kwa Marekani, na asilimia 13 kwa dunia yote iliyobaki, wakati watumiaji wa kila siku wa Amerika Kaskazini ni kama asilimia 10 tu. Zilionyesha pia kwamba kuanzia 2017 mfumo uliuhesabia uso wa hasira alama 5 pale ambapo kulaiki kulipewa alama 1, kwa hiyo chapisho la kuudhi lilipanda juu. Sasa chukua hayo ulete mpakani. Tangu vita vianze Cabo Delgado, Msumbiji, 2017, na hasa baada ya shambulio la Kitaya, kijiji cha Mtwara mpakani, Oktoba 2020, picha ya maiti kutoka nchi nyingine ikiandikwa "Mto Ruvuma leo asubuhi" ina kila sifa ya kupanda. Kiswahili mfumo unakijua nusu nusu. Sauti ya Kimakonde iliyorekodiwa WhatsApp haipitiwi na yeyote. Kabla hujaifowadi picha ya namna hiyo, ibonyeze kwa Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Mara nyingi tarehe pekee inamaliza ubishi.

Waliokuwa wakisafisha uchafu huo kwa niaba ya Afrika walikaa Nairobi, wakiajiriwa na Sama, kampuni iliyopewa kandarasi na Facebook. Jarida la Time liliandika Februari 2022 kwamba baadhi walilipwa dola 1.50 kwa saa, kazi yao ikiwa kutazama mauaji na ubakaji siku nzima. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alizishtaki kampuni zote mbili 2022, mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya, jambo ambalo kampuni ililipinga kwa nguvu zote.

La mwisho linahusu watoto, na hapa ni TikTok zaidi. Likizo ya Juni na ya Desemba ndiyo misimu ya jando na unyago, na siku ya kumtoa mwali kila mwenye simu anarekodi. Binti wa miaka 10 au 11 yuko katikati, amepambwa, anacheza, hela zinatunzwa. Kwa majirani ni furaha ya shughuli. Lakini TikTok haiwaonyeshi majirani tu. Inaipeleka video kwa kikundi kidogo cha wasiokufahamu, inapima wangapi wameitazama hadi mwisho na wangapi wameirudia, ikifanya vizuri inaipeleka kwa wengi zaidi. Haiulizi ni nani wanaorudia rudia video ya mtoto anayecheza, wala kwa nini. Kurudia ni kurudia, na matangazo yanapita katikati. Ikishapakuliwa na kurushwa upya na akaunti nyingine, hata ukiifuta yako, yule binti atakutana nayo akiwa kidato cha pili.

Kwa hiyo mambo haya yapangwe kabla ya ngoma: nyakanga, yaani kiongozi wa mafunzo ya jando na unyago, na mwenye shughuli wakubaliane simu moja tu irekodi, na video zikae kwa familia. Ambaye ameshachapisha afungue video, aingie kwenye mipangilio ya faragha ya video hiyo, aifanye ya kwake tu, na azime kupakua.  Nakala iliyochapishwa na mwingine ibonyezwe kwa muda, ichaguliwe "ripoti", na sababu iwe usalama wa mtoto, si "siipendi", kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua ripoti inapelekwa wapi. Ripoti zikitoka kwa ndugu kadhaa ni bora kuliko moja. Na kama chini ya video kuna mtu mzima ameanza kumtafuta binti kwa jina au kuuliza anasoma wapi, piga skrinishoti yenye jina la akaunti yake kabla hujaripoti, kwani video ikiondolewa maoni yanaondoka nayo. Ipeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya kuripoti mambo ya watoto.